Je, Akili Ina Kikomo cha Kuzaliwa Nacho?

Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, ipo katika eneo la njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika. Katika njia hiyo mpagazi alithaminiwa kwa uzito ambao mabega yake yaliweza kuubeba. Akili yake haikupimwa.

Maisha ya Adrien Atiman yaonyesha upungufu wa kipimo hicho. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, naye akasomea utabibu huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa hilo, akawahudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60.

Sayansi yatueleza kwamba tunapojifunza, miunganisho baina ya chembe za neva ubongoni huimarika, isiyotumiwa hudhoofika. Hata hivyo, imani peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, juu ya wanafunzi wapatao 12,000 wa Marekani, ulionyesha kuwa somo fupi la kwamba akili hukua liliinua alama za wanafunzi waliokuwa nyuma, lakini kwa kiasi kidogo. Atiman naye alihitaji walimu na miaka ya masomo.

Basi mwalimu asitosheke kuandika “jitahidi” daftarini. Aonyeshe hatua iliyokosewa na namna ya kuirekebisha. Nawe mwanafunzi, hesabu iliyokushinda leo irudie kesho kwa njia nyingine.