Wachezaji Waliotaka Kushindwa

1. Unyoya na upepo

Mtoto wa Kilibula akisimama ufukoni mwa Ziwa Tanganyika wakati wa mchana, akarusha juu unyoya wa bata, unyoya ule haurudi mkononi mwake. Upepo wa ziwa huuchukua na kuupeleka upande wa milima. Sababu yake ni hii: mchana jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na hewa ya baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Wavuvi wa Uvira wanaujua sana upepo huo.

Basi, uko mchezo mmoja unaochezwa kwa manyoya, nao hauvumilii upepo hata kidogo. Ni mpira wa vinyoya, ambao Waingereza huuita badminton. Watoto wanaweza kuucheza uani au njiani kwa kujifurahisha. Lakini mabingwa huucheza ndani ya nyumba kubwa, milango imefungwa, ili upepo usiingie.

2. Vyombo vya mchezo

Katika mchezo huu hakuna mpira wa mviringo. Mahali pake pana kinyoya. Kichwa chake ni gome jepesi la mti, lile linalotumiwa kutengeneza vizibo vya chupa, nalo limefunikwa kwa ngozi nyembamba. Katika kichwa hicho yamechomekwa manyoya 16 ya bata au ya bata bukini. Manyoya yote ya kinyoya kimoja hutoka katika mabawa ya upande mmoja, ama ya kushoto, ama ya kulia. Yakichanganywa, kinyoya hakizunguki vizuri hewani. Uzito wake hauzidi gramu 5 na nusu. Hata hivyo, bingwa akikipiga kwa nguvu zake zote, huondoka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Kisha hewa huyazuia manyoya, na mwendo hupungua upesi.

Kila mchezaji hushika raketi, yaani kipigio chenye mpini mrefu na nyuzi zilizokazwa. Urefu wa kiwanja ni mita 13 na sentimita 40. Wakicheza wawili kwa wawili, upana ni mita 6 na sentimita 10. Katikati umetandwa wavu, na kimo chake penye nguzo ni mita 1 na sentimita 55.

Kanuni kubwa ni moja: kinyoya kisianguke chini upande wako. Kikianguka ndani ya mistari yako, mwenzako amepata pointi. Ukikipiga kikanasa wavuni au kikaanguka nje ya mistari, mwenzako amepata pointi vilevile. Tangu mwaka 2006, mashindano makubwa yalifuata hesabu hii: anayetangulia kufika pointi 21 ameshinda seti, na anayeshinda seti mbili ameshinda mchezo wote.

3. Mchezo waingia katika Olimpiki

Zamani maofisa wa Kiingereza waliokaa Uhindi waliupenda mchezo wa namna hii, wakaupeleka kwao. Huko Uingereza ulipewa jina la Badminton, nyumba kubwa ya mtemi mmoja wa nchi ile. Chama cha dunia nzima kilianzishwa mwaka 1934.

Michezo ya Olimpiki ni mashindano makubwa ambayo watu wa mataifa mengi hukutana kila baada ya miaka minne. Hukimbia, huogelea, huinua vyuma, hupigana ngumi, na kucheza michezo mingine mingi. Mpira wa vinyoya ulianza kutolewa medali za Olimpiki mwaka 1992, mjini Barcelona, nchi ya Hispania. Mwanamke wa kwanza kupata dhahabu katika mchezo huu, akicheza peke yake, alikuwa Susi Susanti wa Indonesia.

Afrika nayo ilipeleka watu wake. Mwaka 2008 Edwin Ekiring wa Uganda alikwenda Beijing, mji mkuu wa China, kuchezea nchi yake mpira wa vinyoya. Alishindwa mchezo wake wa kwanza, naye hakukata tamaa. Mwaka 2012 alikwenda tena katika Olimpiki, safari hii mjini London. Na huko London, mwaka huohuo, yalitokea mambo ambayo hayakusahauliwa.

4. Hesabu ya makundi

Kwanza inafaa kuelewa jinsi mashindano yalivyopangwa. Wanawake waliocheza wawili wawili walikuwa jozi 16. Waligawanywa katika makundi manne, A, B, C na D, kila kundi jozi nne. Katika kundi, kila jozi ilicheza na jozi tatu nyingine. Halafu jozi mbili za juu za kila kundi ziliendelea mbele, na mbili za chini zilirudi nyumbani. Hivyo zilibaki jozi nane. Tangu hapo, aliyeshindwa mara moja alitoka.

Tena ilikwisha andikwa tangu mwanzo nani atakutana na nani. Kwa mfano, wa kwanza wa kundi C atacheza na wa pili wa kundi A. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mtu aliweza kukaa na kuhesabu: “Nikiwa wa kwanza, nitakutana na jozi kali. Nikiwa wa pili, nitakutana na jozi nyepesi. Basi kushindwa leo ni faida yangu.”

5. Jioni ya tarehe 31 Julai 2012

Wachina walikuwa na jozi mbili kali. Ya kwanza ilikuwa Wang Xiaoli na Yu Yang, mabingwa wa dunia. Ya pili ilikuwa Tian Qing na Zhao Yunlei. Siku ile Tian na Zhao walishindwa na wanawake wa Denmark, wakawa wa pili katika kundi D. Kwa hiyo, kama Wang na Yu wangekuwa wa kwanza katika kundi A, wangeweza kukutana na dada zao Wachina kabla ya fainali. Kama wangekuwa wa pili, wasingekutana nao ila katika fainali yenyewe.

Jioni Wang na Yu waliingia kiwanjani kucheza na Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea ya Kusini. Jozi zote mbili zilikuwa zimekwisha pata nafasi ya kuendelea. Watu walijaa katika jumba la Wembley Arena. Walikuwa wamelipa tiketi ili waone mabingwa wa dunia.

Wakaona nini? Mabingwa walianzisha mchezo kwa kupiga kinyoya wavuni. Wakakipiga tena wavuni. Wakakipeleka nje ya mistari. Wakorea, walipotambua hila hiyo, nao wakaanza kufanya vilevile. Kinyoya hakikuvuka wavu mara nyingi hata watu wakapata cha kushangilia. Wakaanza kuzomea. Mwamuzi mkuu akaingia kiwanjani, akawaonya wachezaji wote wanne. Mwishowe Wachina wakapata walichokitaka: walishindwa 21 kwa 14, na 21 kwa 11.

Baadaye, katika kundi C, ulifuata mchezo wa Ha Jung-eun na Kim Min-jung wa Korea ya Kusini pamoja na Greysia Polii na Meiliana Jauhari wa Indonesia. Atakayeshinda alijua kwamba atakutana na Wang na Yu mara moja. Basi hapa pia hakuna aliyetaka kushinda. Watu wakazomea tena, na mwamuzi mkuu akaja tena. Wakorea walishinda seti mbili kwa moja, wala ushindi wao haukumfurahisha mtu.

6. Hukumu

Kesho yake, tarehe 1 Agosti, chama cha dunia kilikutana na kutoa hukumu. Wachezaji wote wanane walifukuzwa katika mashindano. Makosa yao yalitajwa kuwa mawili. La kwanza, hawakujitahidi kwa nguvu zao kushinda. La pili, matendo yao yaliuharibia mchezo sifa yake. Wakorea walikata rufani, nayo ikakataliwa. Waindonesia nao walikata rufani, kisha wakaiondoa.

Watu walibishana sana. Wengine walisema: “Kosa ni la wale waliopanga makundi. Wao ndio walioufungua mlango, na wachezaji walipita tu.” Neno hilo lina ukweli, maana mpango ule ulikuwa mbaya. Hata chama chenyewe kiliubadilisha kabla ya Olimpiki ya mwaka 2016. Tangu hapo, makundi yakiisha, jozi zilizokuwa za pili hupigiwa kura kwanza ndipo zijue zitacheza na nani. Hivyo hakuna awezaye kuhesabu mapema faida ya kushindwa.

Lakini mlango uliosahauliwa wazi haumpi mtu ruhusa ya kuiba. Mchezaji anaposimama kiwanjani ana deni kwa watu watatu. Ana deni kwa yule anayeshindana naye, ambaye amejiandaa miaka mingi. Ana deni kwa mtazamaji aliyekuja kumwona. Na ana deni kwa yule aliyekosa nafasi, ambaye angefurahi sana kusimama mahali pake.

7. Waliokuwa wamekwisha kutolewa

Nafasi nne zilibaki wazi. Zikapewa jozi za chini za makundi yale mawili: Warusi, Wakanada, Waaustralia, na wanawake wawili wa Afrika ya Kusini, Michelle Edwards na Annari Viljoen.

Edwards na Viljoen walikuwa wameshindwa michezo yote mitatu ya kundi lao. Siku moja walikuwa wametolewa, na siku ya pili waliitwa kucheza katika jozi nane bora za dunia. Walicheza na Warusi, Valeria Sorokina na Nina Vislova, wakashindwa. Lakini walishindwa kwa kucheza, si kwa kutaka.

Wakanada, Alex Bruce na Michele Li, nao walikuwa wameshindwa michezo yao yote katika kundi. Waliwashinda Waaustralia wakafika nusu fainali. Mwishowe walipigania medali ya shaba na Warusi, na Warusi wakaichukua. Na dhahabu? Ilipatwa na Tian Qing na Zhao Yunlei. Nao ndio Wachina waliokuwa wameshindwa na Denmark bila hila yoyote, wakaendelea kucheza mpaka mwisho.

8. Miaka tisa ya Greysia Polii

Greysia Polii alirudi Indonesia bila medali. Jina lake lilikuwa limetajwa duniani kote kwa aibu. Angeweza kuitupa raketi yake. Badala yake alirudi mazoezini.

Mwaka 2016 alikwenda Olimpiki ya Rio de Janeiro, nchi ya Brazili. Alicheza vizuri, lakini hakupata medali. Olimpiki ya Tokyo, nchi ya Japani, ilicheleweshwa na ugonjwa wa korona, ikafanyika mwaka 2021. Greysia alikuwa karibu kutimiza miaka 34. Mwenzake sasa alikuwa msichana mdogo kwake, Apriyani Rahayu. Tarehe 2 Agosti 2021 wawili hao waliingia katika fainali na Wachina Chen Qingchen na Jia Yifan. Walishinda 21 kwa 19, na 21 kwa 15. Haijapata kutokea kabla ya siku ile wanawake wawili wa Indonesia kupata dhahabu pamoja katika mchezo huu.

Tangu siku ya kufukuzwa London mpaka siku ya dhahabu Tokyo ni miaka tisa na siku moja. Kosa lake halikufutwa katika kitabu, lakini halikuwa neno la mwisho.

9. Mpira wa vinyoya katika Afrika

Afrika ina Michezo yake. Ya kwanza ilifanyika mwaka 1965 mjini Brazzaville, ng'ambo ya pili ya mto Kongo kutoka Kinshasa. Mwaka 2015, baada ya miaka 50, Michezo ilirudi Brazzaville, na mpira wa vinyoya ulikuwamo. Kwa wanaume Jacob Maliekal wa Afrika ya Kusini alipata dhahabu, na kwa wanawake Grace Gabriel wa Nigeria.

Uvira ni mbali na Brazzaville, na ni mbali zaidi na London na Tokyo. Lakini jambo lililoamuliwa London hufika hata kiwanja cha udongo cha shule. Watoto wanapogawanyika pande mbili, kila mmoja huwatazamia wengine wacheze kweli. Akiwapo mmoja anayejifanya kushindwa, wote huona, na mchezo hufa mikononi mwao. Kushindwa baada ya kujitahidi si aibu. Wavuvi nao hurudi usiku mwingine bila ndagala, na hakuna anayewacheka, maana walizitupa nyavu zao.

Maswali

1. Kwa nini upepo wa mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu?
2. Kinyoya hutengenezwa kwa vitu gani? Kina manyoya mangapi?
3. Wang Xiaoli na Yu Yang walitaka kushindwa kwa sababu gani?
4. Taja mambo mawili waliyohukumiwa wale wachezaji wanane.
5. Mpango wa makundi ulibadilishwaje baadaye?
6. Edwards na Viljoen walishindwa, na Wang na Yu walishindwa. Eleza tofauti ya kushindwa kwao.
7. “Mlango uliosahauliwa wazi haumpi mtu ruhusa ya kuiba.” Eleza maana ya maneno hayo, na utoe mfano wa shuleni au wa sokoni.