Herufi Si Baiti: Jina la Mtu Lisikatwe

Makomredi mnaoandika programu za mradi wa mwaka wa mwisho, chukueni jina Wanjikũ. Kwa macho lina herufi saba. Iulize C kwa strlen kwenye maandishi ya UTF-8, itakujibu nane. Nani kakosea? Hakuna. Wewe umehesabu herufi, yenyewe imehesabu baiti.

Chanzo ni hiki. ASCII ina nafasi 128 tu. Zinatosha Kiingereza, na Kiswahili pia, ndiyo maana wengi wetu hatulioni tatizo. Lakini ĩ na ũ za Kikuyu hazimo. Unicode ilipotoka mwaka 1991, iliaminika kwamba biti 16, yaani nafasi 65,536, zingetosha dunia nzima. Java ya 1996 ikaja na char ya biti 16. Mwaka huo huo Unicode 2.0 ikapanuliwa hadi nafasi zaidi ya milioni moja. Basi leo ukiuliza length() ya 😀 kwenye Java, unapata 2.

Sasa uchague nini?

Kwanza, maandishi ya kuhifadhi na kutuma yawe UTF-8. Herufi za ASCII hubaki baiti moja moja, ũ huchukua 2, 😀 huchukua 4. Kwenye C, char[] haina shida, mradi ukumbuke unatenga baiti: Wanjikũ linataka 9, pamoja na sifuri ya mwisho. Ukitenga chache na kukata ovyo, ũ itapasuliwa katikati na jina litatoka na alama ya ajabu. Na kwenye MySQL chagua utf8mb4, kwa sababu utf8 yake ya zamani inaishia baiti 3.

Pili, ukitaka kushika alama moja moja, tumia aina ya biti 32: char32_t ya C++11, rune ya Go, au char ya Rust. Kwenye Java, shika int kupitia codePointAt. Programu ikiwa itahamahama, achana na wchar_t: Windows ni biti 16, Linux kwa kawaida ni 32.

Tatu, hata biti 32 hazimalizi kazi. Herufi ũ inaweza kuwa alama moja, au u ikifuatwa na kiwimbi chake. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni tofauti. Mtu anajitafuta kwenye orodha ya mtihani, anaambiwa hayumo! Kwa hiyo geuza majina yote yawe NFC kabla ya kuyahifadhi au kuyalinganisha.

Kabla hujamwonyesha msimamizi wako mradi, ujaribu kwa Wanjikũ, kwa Ng'ang'a na kwa emoji moja. Ukijaribu kwa John peke yake, hujajaribu kitu. Mwenye jina lililokatwa ndiye atakayepanga foleni ofisini kueleza kwamba risiti ile ya karo ni yake.