Fukusi wa Gugumaji Si Adui wa Mpunga
Wakulima wa Ahero wanamjua vyema fukusi anayetoboa mchele ghalani. Lakini fukusi walioachiliwa upande wetu wa Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1997 ni wengine: chakula chao ni gugumaji.

Wako wa spishi mbili kutoka Amerika Kusini, gugumaji linakotoka. Wanasayansi waliieleza ya kwanza mwaka 1926, ya pili 1970. Ile ya kwanza mara nyingi ina alama ya V mgongoni. Kabla ya kuachiliwa, walijaribiwa kuhakikisha hawashambulii mazao.

Fukusi wazima hukwangua majani na kuacha makovu madogo. Mabuu hutoboa vikonyo. Mkaazi, ukiona makovu hayo, usilichome gugumaji. Moto huwaua wasaidizi wetu.