Nguo imepata pasipoti kabla ya binamu yangu

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wanajua tulivyocheka tulipofika kwenye habari ya pasipoti ya nguo. Lakini maikrofoni zilipozimwa nilibaki na swali la mama mdogo kichwani, na ndiyo maana naandika.

Ilikuwa Jumamosi, Matonge, dukani kwake. Wakazi wa Ixelles mnazijua duka za namna hiyo: vitenge vimepangwa hadi darini, wateja watatu wananunua, kumi wamekuja kupiga stori. Nikawa namweleza kazi yangu. Mimi najaza data za nguo katika kampuni moja hapa Brussels, mwaka wa pili sasa. Nikamwambia siku si nyingi nguo zinazouzwa Ulaya zitakuwa na pasipoti ya kidijitali. Akaweka mkasi chini.

"Sasa nguo nayo iko na pasipoti? Na mtoto wa kaka yangu wamemunyima visa mara mbili!"

Duka zima likacheka. Halafu akaniuliza taratibu: "Na nguo zangu, nani atazijazia?"

Tuanze na pasipoti yenyewe. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni 2024/1781, ikaanza kutumika tarehe 18 Julai mwaka huo. Inataka bidhaa ziwe za kudumu na za kutengenezeka zikiharibika, na taarifa zake zipatikane kwa simu: unaskani QR kwenye lebo, unasoma nguo imetengenezwa kwa nini na inatunzwaje. Kila aina ya bidhaa itaandikiwa masharti yake. Mpango uliotolewa na Tume ya Ulaya Aprili 2025 umeweka nguo katika kundi la kwanza, masharti yake yakilengwa 2027. Baada ya hapo kampuni hupewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida miezi 18 au zaidi.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kumbuka Rana Plaza, Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013. Jengo la viwanda vya nguo liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Baadaye watu walilazimika kutafuta lebo kwenye vifusi ili kuthibitisha nguo za kampuni gani zilikuwa zikishonwa mle ndani. Yaani ushahidi ulikuwa chini ya zege.

Sasa programu tunazotumia kazini. Fikiria daftari moja kubwa ambalo watu wengi wanaandika kwa pamoja. Kila nguo ina ukurasa wake: rangi, saizi, uzito, asilimia ya pamba. Halafu kuna safari yake, na safari inasomwa kinyumenyume. Nani alishona? Nani alifuma kitambaa? Nani alisokota uzi? Pamba ililimwa wapi? Swali la kwanza linajibiwa siku hiyo hiyo. La pili linachukua wiki. La tatu unatumiwa PDF yenye muhuri usiosomeka. La nne, kimya.

Na kuna watu wanaodhani jibu liko kwenye ile mistari myeusi ya msimbo pau. Hapana bana. Shirika linalosimamia namba hizo duniani, GS1, lina ofisi yake hapa hapa kwetu, Avenue Louise. Namba inayoanza na 616 inatoka tawi lao la Kenya, 620 Tanzania, 540 hadi 549 Ubelgiji na Luxembourg. Lakini hiyo inaonyesha kampuni ilipata namba wapi tu. Fulana yenye 540 inaweza kuwa haijawahi kugusa cherehani ya Ubelgiji.

Mwezi uliopita nilikwama kwenye fulana moja. Kitambaa kimefumwa Uturuki, pamba haijulikani. Kwenye skrini mstari ukawa mwekundu. Bosi akapita nyuma yangu: "Weka Uturuki tu, si kitambaa kinatoka huko?" Na ningeiweka, mstari ungegeuka kijani papo hapo. Programu inajua kama umejaza, haijui kama umesema kweli. Nikaandika "haijulikani". Mstari bado ni mwekundu, na kila Jumatatu naulizwa.

Basi nirudi kwa mama mdogo. Magauni anayouza yanashonwa Bukavu, yanakuja kwenye masanduku ya ndugu. Ukimuuliza nani alishona, anakutajia fundi, watoto wa fundi, na wiki ambayo cherehani iliharibika. Anajua amemlipa kiasi gani. Kampuni yangu, pamoja na programu zake zote, haiwezi kukutajia jina hata la mshonaji mmoja. Ukimuuliza kitambaa kilichapwa wapi, hapo anasita. Kitenge kinachoitwa cha Kiafrika kinaweza kuwa kimetoka China, au Helmond, Uholanzi, ambako Vlisco inachapa tangu 1846. Na pamba? Hajui. Kama sisi tu.

Tofauti ni kwamba sisi tuna watu wa kujaza. Kanuni inaangalia bidhaa inayoingizwa sokoni Ulaya, hata kama imeshonwa nje, na anayeiingiza ndiye anayebeba wajibu. Kwa magauni ya Bukavu, mwagizaji ni mama mdogo na daftari lake la kurasa za mraba. Naogopa siku ambayo mwenye programu ataonekana msafi kwa sababu mistari yake ni ya kijani, na yeye anayemjua fundi wake kwa jina aambiwe hana karatasi. Hiyo hadithi familia zetu tunaijua.

Kwa hiyo Jumamosi hii naenda Matonge na laptopu. Tutampigia fundi, tutafungua faili la gauni la kwanza, na pale tusipojua tutaandika hatujui. Mama mdogo ameshanionya: "Ukuje na njaa, na usiniletee Kifaransa cha ofisi."

Na wewe, geuza kola ya nguo uliyovaa, msomee mzazi wako lebo, muulize anajua nini zaidi. Tutumie jibu kwa sauti kwenye WhatsApp, Kiswahili chako vyovyote kilivyo. Tutayacheza kipindi kijacho.