Somo la Leo: Mafuta Yanayoshika Gia

Leo tutajifunza kazi ya mafuta ndani ya giaboksi ya gari linalojibadilia gia lenyewe.

Jazeni maji katika chupa ya plastiki, ifungeni, kisha ibonyezeni. Je, maji yamejikunja? La, yanasukuma pande zote. Mafuta ya giaboksi hufanya vivyo hivyo. Pampu huyasukuma, nayo husukuma pistoni. Pistoni hubana sahani za klachi, na gia hushika.

Kwa desturi pampu hiyo huzungushwa na injini. Lakini gari la haibridi lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na likisimama barabarani injini huzimika. Pampu nayo husimama, na klachi huachia. Basi gari litaondokaje? Mafundi waliongeza pampu ya umeme. Hyundai Sonata ya haibridi ya mwaka 2011 ilikuwa nayo.

Mkiona mafuta yanavuja chini ya gari, muoneni fundi mapema. Mafuta yakipungua mno, pampu huvuta hewa. Hewa hujikunja ikibanwa. Basi klachi huteleza na kuungua.

Swali: kwa nini pampu ya injini peke yake haitoshi?