Kuondolewa Utumbo Mpana: Anayopaswa Kuyajua Mgonjwa

Katika Kiswahili cha kila siku, kumtoa kiumbe utumbo ni kauli ya machinjioni. Samaki hutolewa utumbo kabla ya kukaangwa, kuku vivyo hivyo, na mtu aliyetolewa utumbo ni maiti. Kwa hivyo, mgonjwa anapoelezwa wodini kwamba atatolewa utumbo, si ajabu asikie hukumu badala ya tiba. Makala haya yanafafanua maana halisi ya upasuaji huo, ambao matabibu huuita kolektomia, na mambo ambayo mgonjwa anastahili kuyafahamu kabla ya kutia sahihi na baada ya kurejea nyumbani.

Ni vyema kubainisha kwanza kwamba binadamu ana matumbo ya aina mbili. Utumbo mwembamba una urefu unaokaribia mita 6, na humo ndimo chakula kinamomeng'enywa na virutubishi kufyonzwa. Utumbo mpana ni mfupi mno ukilinganishwa na mwenzake: kama mita 1.5 tu. Huanzia upande wa kulia chini ya tumbo, mahali panaponing'inia kidole tumbo, ukapanda hadi karibu na ini, ukakatiza chini ya mfuko wa chakula, ukateremka upande wa kushoto, kisha ukajipinda mfano wa herufi S kabla ya kuingia katika puru, yaani sehemu ya mwisho inayohifadhi kinyesi karibu na mkundu. Kazi yake kuu ni kufyonza maji na chumvi na kukiweka kinyesi hadi wakati wa kwenda haja. Kwa kuwa haulishi mwili kwa kiwango kikubwa, mtu anaweza kuishi miaka mingi pasipo kuwa nao. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mgonjwa angepaswa kuambiwa, na aghalabu ndilo linalosahaulika.

Isitoshe, ni nadra utumbo wote kuondolewa. Daktari hukata kipande chenye maradhi pamoja na mishipa ya damu na tezi za limfu zinazokihudumia, kisha akaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Huenda kikawa kipande cha kulia, cha kushoto, au kile cha umbo la S. Utumbo mpana mzima huondolewa panapokuwa na sababu maalumu, mathalani ugonjwa wa kurithi unaoujaza utumbo mamia ya vinyama vinavyogeuka saratani, au uvimbe sugu wenye vidonda ambao dawa zimeshindwa kuutuliza.

Sababu nyingine ni nyingi: jeraha la kisu, risasi au ajali, vijifuko vya utumbo vilivyopasuka, na utumbo kujisokota. Ugonjwa huu wa mwisho unastahili kutajwa kwa uzito kwa sababu Afrika Mashariki ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako huonekana zaidi. Kile kipande cha S kikiwa kirefu kupita kiasi, hujizungusha kwenye shina lake kama kamba, damu ikakatika, na nyama ikaanza kufa. Tumbo hufura, upepo na choo hukataa kutoka, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kuuokoa utumbo.

Saratani nayo ina historia yake katika eneo hili. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi nchini Uganda kuanzia 1946 hadi miaka ya 1960, alishangazwa na uchache wa maradhi ya utumbo mpana miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Katika miaka ya 1970 alieneza rai kwamba chakula chenye makapi mengi ndicho kilichowakinga. Rai hiyo imejadiliwa na kusahihishwa mara nyingi tangu hapo, lakini hali aliyoikuta haipo tena: leo saratani ya utumbo mpana na puru ni miongoni mwa zinazogunduliwa kwa wingi nchini Kenya, na si kwa wazee pekee.

Maswali ya kabla ya sahihi

Upasuaji uliopangwa na ule wa dharura ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza humpa mgonjwa siku za kujiandaa: kuacha sigara, kutibiwa upungufu wa damu, kula vizuri, na kueleza dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji na zile za kupunguza damu kuganda. Wa pili hufanywa usiku wa manane, mgonjwa akigugumia kwa maumivu. Lakini hata katika dharura kuna maswali yasiyochukua dakika tano. Ni kipande gani kitakachoondolewa? Ncha zitaunganishwa, au utumbo utatokezwa nje ya tumbo? Ukitokezwa, ni kwa muda au ni daima? Na je, upasuaji usipofanywa, litatokea nini?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, hatari zake na gharama zake, tena kila inapowezekana kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Hata hivyo, fomu ya ridhaa aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na maelezo hupitia kinywa cha jamaa. Hapa ndipo tafsida, ambayo wanafunzi wa mtindo huifundishwa kama pambo la adabu, inapogeuka kizuizi. Kijana anayemfasiria mamake hawezi kutamka neno mkundu wala kinyesi mbele yake. Husema "sehemu za chini" na "uchafu", na mama hutia kidole cha gumba pasipo kujua kwamba atakapozinduka choo chake kitakuwa kikitokea tumboni. Adabu imelindwa, ridhaa haikupatikana. Muuguzi asiye wa ukoo angeyasema yaleyale bila haya, na inafaa mgonjwa au jamaa amwombe afanye hivyo.

Iwapo kuna uwezekano wa utumbo kutokezwa nje, mahali pake hutiwa alama mapema, mgonjwa akiwa ameketi, amesimama na ameinama. Mkunjo wa tumbo, mshipi wa suruali na fundo la leso ni mahali pasipofaa. Alama iliyowekwa vibaya huleta mateso ya kila siku.

Siku za kwanza

Mgonjwa hutiwa nusukaputi, na kwa kawaida kazi huchukua saa kadhaa. Hufanywa kwa kupasua tumbo katikati au kwa matundu madogo na kamera. Njia ya pili humwachia mgonjwa kovu dogo na maumivu machache, ila haifai kila hali wala haipatikani kila hospitali. Akiamka atajikuta na dripu, mpira wa mkojo, na pengine mrija unaotoa majimaji tumboni. Hivi ni vya kawaida.

Hapo kale ilikuwa desturi kumnyima chakula na kumlaza mpaka utumbo uamke. Kuanzia miaka ya 1990, daktari Henrik Kehlet wa Denmark na wenzake walionyesha kwamba anayekunywa na kula mapema, anayetulizwa maumivu ipasavyo na kutembezwa mapema hupona haraka zaidi. Kwa hivyo muuguzi anayemtoa mgonjwa kitandani siku inayofuata hamtesi. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni, na pumzi ndefu huzuia nimonia. Hata kutafuna chingamu husaidia kuuamsha utumbo, kwa kuwa huudanganya kwamba chakula kinakuja.

Kisha huulizwa swali linalowakanganya wengi: "Umetoa hewa?" Mgonjwa anaweza kudhani anaulizwa habari ya kupumua, akajibu ndiyo. Kinachoulizwa ni kama amejamba. Ushuzi wa kwanza ni habari njema wodini, kwani ni ishara kwamba utumbo umeanza kufanya kazi. Jibu lisilo sahihi laweza kuficha utumbo uliolala.

Hatari inayoogopwa zaidi ni mshono wa ndani kuvuja. Mara nyingi hutokea katika wiki ya kwanza, ingawa huweza kuchelewa hadi mgonjwa awe nyumbani. Dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio, tumbo kufura, kutapika, na maumivu yanayozidi wakati yalipopaswa kupungua. Hizi si dalili za kuvumilia hadi asubuhi, wala si za kutulizwa kwa vidonge vya dukani. Mgonjwa arudishwe hospitalini saa hiyohiyo.

Mambo yakienda vizuri, wengi huruhusiwa kuondoka baada ya siku chache hadi wiki moja au zaidi kidogo. Kwa takriban wiki 6 mizigo mizito ni marufuku. Agizo hili ni jepesi kwa anayefanya kazi ofisini na ni gumu kwa mwanamke anayeteka maji kwa mtungi wa lita 20. Familia ndiyo inayopaswa kulibeba agizo hilo pamoja na mtungi wenyewe, kwani ukuta wa tumbo ukipasuka ndani, ngiri hutokeza. Uchovu huweza kudumu kwa miezi miwili au zaidi bila kuwa ishara ya ubaya. Choo nacho hubadilika. Aliyepoteza kipande kifupi hurudi karibu na desturi yake ya awali. Aliyepoteza utumbo mpana wote, huku mwembamba ukiunganishwa na puru, hutarajia kwenda haja mara kadhaa kwa siku, tena choo laini. Aliyefanyiwa upasuaji wa puru aulize pia, kabla na baada, juu ya tendo la ndoa na uzazi, kwa sababu neva za eneo hilo huweza kuguswa.

Utumbo uliotokezwa nje

Matabibu huiita sehemu hiyo stoma, neno la Kigiriki lenye maana ya kinywa. Hiki ni kinywa chekundu na chenye unyevu, mfano wa ndani ya mdomo, kinachotokeza kwenye ngozi ya tumbo. Hakina neva za maumivu, hivyo kukiosha hakuumi. Hakina msuli wa kujizuia, hivyo choo hutoka kwa wakati wake na kupokewa na mfuko uliobandikwa. Mfuko wenyewe uliasisiwa na muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, mwaka 1954, baada ya dada yake Thora kufanyiwa upasuaji huo na kuogopa kutoka nje ya nyumba. Kabla yake wagonjwa walihangaika kwa mikebe na vitambaa.

Mfuko humwagwa unapofikia kiasi cha theluthi, na ngozi iliyouzunguka huoshwa kwa maji ya kawaida na kukaushwa. Stoma ikigeuka nyeusi au ya zambarau iliyoiva, daktari aarifiwe mara moja. Kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa aubadilishe mfuko kwa mikono yake mbele ya muuguzi, na aulize atapewa mifuko mingapi, inauzwa wapi na kwa bei gani. Nje ya miji mikubwa mifuko hii ni adimu, tena ni ghali, na si haki mgonjwa aligundue hilo siku wa mwisho unapochanika.

Inafaa kutofautisha stoma mbili. Ya utumbo mpana hutoa choo kinachokaribia cha kawaida. Ya utumbo mwembamba hutoa majimaji mfululizo, na pamoja nayo chumvi za mwili. Yakizidi lita moja na nusu kwa siku, mgonjwa anakabiliwa na hatari ya kuishiwa maji: kizunguzungu, mkojo mchache wa rangi iliyokolea, misuli kukakamaa. Wengi hukimbilia kunywa maji matupu kwa wingi, na kumbe maji matupu huzidisha hasara. Kinachohitajika ni maji yenye chumvi na sukari yanayopimwa kwa pakiti za ORS, na kumwona daktari mapema. Kwa sababu iyo hiyo, Mwislamu mwenye stoma ya aina hii asifunge Ramadhani kabla ya kushauriana na tabibu. Kuhusu swala, fiqhi ina mlango wa mwenye udhuru asiyeweza kuzuia kinachomtoka; mfuko haumzuii kuswali, na shekhe atamweleza namna ya kutawadha.

Chakula hakihitaji kuwa cha anasa. Uji, wali, ugali, ndizi, viazi, mayai na samaki hufaa. Tatizo ni vyakula vyenye maganda na nyuzi ngumu katika wiki za mwanzo, na kwa mwenye stoma ya utumbo mwembamba hata baadaye: mahindi, njugu, uyoga, vipande vya nazi. Githeri, chakula cha nyumba nyingi za Kenya, inaweza kuziba njia isipotafunwa ikalainika. Stoma ikiacha kutoa kitu huku tumbo likisokota na kichefuchefu kikizidi, hiyo ni dharura.

Kipande kilichokatwa hupelekwa maabara. Katika saratani, majibu yake ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atahitaji dawa za kemikali, hasa zikikutwa seli za saratani katika tezi za limfu, na dawa hizo hutakiwa kuanza wiki chache baada ya upasuaji. Anayejiona amepona asiyafuate majibu huipoteza fursa hiyo. Mwaka mmoja baadaye utumbo uliobaki huchunguzwa kwa kamera. Ndugu na watoto wake nao wamweleze daktari kuhusu ugonjwa huo, kwa sababu wao hushauriwa kuanza kuchunguzwa mapema kuliko watu wengine.

Stoma ya muda hufungwa baada ya miezi mitatu au zaidi, mwili ukisharudisha nguvu na mshono wa ndani ukishathibitishwa kuwa umeshika. Baadhi hucheleweshwa na dawa za saratani, wengine na fedha za upasuaji wa pili, na wapo ambao haifungwi kamwe, ama kwa ushauri wa daktari ama kwa hiari yao wenyewe.