Ukiruka siku moja, usianze upya

"Mwalimu, juzi nilipitiwa na usingizi, sikupiga picha. Sasa nirudi siku ya kwanza?" Wiki hii nimeulizwa hivyo na anayefanya mradi wa picha moja kila siku huko Mbagala, nikaulizwa tena Tegeta. Hapana! Aliyekula mchana wa Ramadhani kwa homa huilipa siku ile tu, haanzi mwezi upya. Nani kawaambia kamera ina masharti makali kuliko funga?

Wananijibu kwa siku 21: eti ukizimaliza bila pengo, mazoea yameota mizizi, ukiruka yamekufa. Chanzo ni kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Aliona wagonjwa wake wakihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Pua, jamani! Na hilo neno "angalau" lilidondoka njiani. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96: wastani wa kuzoea jambo ulikuwa siku 66, wa haraka 18, mzito alikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Msanii Tehching Hsieh alijifunga huko New York, kuanzia Aprili 1980, kujipiga picha kila saa kwa mwaka mzima, mara 8,760. Alikosa 133, akaziorodhesha, akaendelea.

Swali la kuniuliza ni lini uache. Fungua picha zako 30 za mwisho. Nikikuta kikombe cha chai, kandambili na taa ya dari, zote za saa tano usiku, najua mwenyewe anapiga ili akalale. Huo mradi umeshakwisha, kilichobaki ni hesabu.

Kama unafuata kitu, maliza nacho: aliyekuwa akipiga ujenzi wa Daraja la Tanzanite kutoka Coco Beach alimaliza lilipozinduliwa, Machi 2022. Huna kitu? Andika tarehe ya mwisho leo. Umechoka lakini bado una hamu, hamia mara moja kwa wiki. Umefiwa, pumzika, huna wa kumwomba radhi. Ukimaliza chagua 20, zikasafishwe studio, na nakala uweke nje ya simu, maana simu huibwa kwenye daladala.

Na kabla hujaniuliza tena, nitumie hizo 30.